Kisiwa Baina ya Wavutanao: Zanzibar na Mataifa Makubwa katika Riwaya ya Kiswahili

1. Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Zanzibar umefuata, kwa miongo mingi, njia moja kuu. Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Asali Chungu (1977) na Utengano (1980) za Said Ahmed Mohamed, pamoja na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) za Adam Shafi, zimesomwa zaidi kama picha za mgongano wa matabaka: bwana na mtwana, tajiri na kuli, mume mwenye mali na mke asiye na kauli. Njia hiyo haikuwa na makosa. Kuli, kwa mfano, haieleweki bila mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Zanzibar wa mwaka 1948, na mhakiki ambaye angeizungumza bila kutaja jasho la bandarini angekuwa ameiacha riwaya yenyewe.

Hata hivyo, njia hiyo ina jambo iliyolipita. Zanzibar si uwanja wa matabaka tu. Ni kisiwa, tena kisiwa kidogo ambacho mataifa makubwa yamekigombea kwa zamu. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna riwaya mbili, Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, zinavyouchukulia ugomvi huo, na namna zinavyomfanya mtu wa kisiwani aseme yeye ni nani wakati wengine wanasemea yeye ni wa nani. Hoja inayotetewa ni hii: utambulisho wa kisiwa katika riwaya hizi haujengwi kwa hotuba dhidi ya wakubwa, wala kwa kuchagua upande mmoja wa ugomvi. Unajengwa kwa mtaa, kwa ujirani, kwa kumbukumbu na kwa lugha. Aidha, itaonyeshwa kuwa jambo hili linamhusu pia msomaji wa bara, kama yule wa Kitui, ambaye huenda hajapata kuiona bahari.

2. Kisiwa kilichobadilishwa kwa kisiwa

Yafaa kwanza historia itazamwe kwa ufupi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwao Wajerumani waliitambua himaya ya Waingereza juu ya Unguja na Pemba. Kwa upande wao, Wajerumani walikabidhiwa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Watu wa Unguja hawakuulizwa, na watu wa Heligoland hawakuulizwa. Miaka sita baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga mizinga kasri la Sultani kwa muda usiofika saa nzima, na swali la nani atakalia kiti likawa limekwisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wavutaji walibadilika, lakini kuvutwa hakukukoma. Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. Vyama vya siasa vikagombana juu yake, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 kituo kikaondolewa. Zanzibar ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani ya Mashariki, nayo Ujerumani hiyo ikasaidia kujenga majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na kutoa ramani za Michenzani. Wachina nao walikuja na misaada yao. Magazeti ya nchi za Magharibi yaliandika kwamba Cuba ya Afrika imezaliwa. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulizaliwa katika joto hilo hilo, na mwaka 1965 Tanzania ilijikuta katika mgogoro na Ujerumani ya Magharibi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Wajerumani wa upande wa pili. Nchi moja changa ililazimishwa kuamua ni Ujerumani ipi iliyo Ujerumani.

Hali hiyo haikuwa ya Zanzibar peke yake. Visiwa vya Chagos vilitengwa na Mauritius mwaka 1965, na kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wao walihamishwa ili Diego Garcia iwe kituo cha kijeshi cha Wamarekani. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba Bahari ya Hindi iwe eneo la amani. Tangazo lilibaki karatasini na kituo kikabaki baharini. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kukoma kuvitawala visiwa hivyo, na mwaka 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuvirejesha, lakini kituo cha Diego Garcia kikaachiwa muda wa miaka 99. Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975 ikiwa na visiwa vitatu badala ya vinne, na Mayotte ikawa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011. Visiwa vyenyewe havikukaa kimya: mwaka 1982 Mauritius, Madagaska na Ushelisheli zilianzisha Tume ya Bahari ya Hindi, ili wadogo waweze kusema kwa sauti moja. Zanzibar, kwa kuwa imo ndani ya Muungano, ilipojaribu kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ililazimika kujitoa mwaka 1993. Mlango wa diplomasia ulipokuwa mwembamba, mlango wa fasihi ulibaki wazi.

3. Kamba isiyotajwa

Wakosoaji wanapozungumzia nchi ndogo baina ya nchi kubwa hukimbilia methali ya tembo na nyasi. Methali hiyo ni kweli, lakini si kweli yote, kwani nyasi hazina la kufanya ila kukanyagwa. Adam Shafi alichagua picha nyingine. Jina la riwaya yake latokana na mchezo wa kuvutana kamba, na linastahili kuchunguzwa kisarufi kabla ya kuchunguzwa kisanii.

«Vuta n'kuvute» ni sentensi yenye watu wawili: wewe unayeamriwa uvute, na mimi nitakayekuvuta. Kiambishi -ku- chamrejelea mpinzani, si kamba. Kamba, ambayo ndiyo inayoumia, haimo katika sentensi. Kwa maneno mengine, lugha ya mashindano hutaja wavutaji na kukisahau kinachovutwa. Huu ndio ukweli wa mkataba wa 1890, na ndio ukweli wa magazeti ya 1964: Mwingereza na Mjerumani walitajwa, Mmarekani na Mrusi walitajwa, Mwunguja hakutajwa. Riwaya inafanya kinyume. Inachukua sentensi isiyo na kamba, kisha kwa kurasa nyingi inaeleza habari za kamba yenyewe.

Kamba hiyo ni nani? Ni Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo anayempokea Yasmin baada ya kutoroka na baada ya jamaa zake kumkataa. Ni Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye serikali ya kikoloni inamwandama kwa sababu ya siasa na maandishi anayoyasambaza. Upande wa dola yupo Inspekta Wright na askari wake wenyeji. Kwa hiyo vita baridi vimo katika riwaya, lakini msomaji haonyeshwi Moscow wala London. Anaonyeshwa chumba kimoja cha kupanga, kitanda, taa ya mafuta, mlango unaogongwa usiku. Ugomvi wa dunia unapimwa kwa swali dogo: anayegonga ni rafiki au ni polisi?

Hapa ndipo ufundi wa Adam Shafi unapoonekana. Ukubwa wa mataifa unapunguzwa hadi kufikia kimo cha mlango wa Mwajuma, na mlango huo unakuwa mkubwa kuliko ubalozi. Mwajuma hana chama wala nadharia. Hamuulizi Yasmin kabila lake wala dini yake kabla ya kumpa mahali pa kulala. Kitendo hicho ndicho kauli kamili kuliko zote riwayani juu ya nani ni mtu wa Zanzibar. Serikali ya kikoloni ilihesabu watu kwa makabila: Waarabu, Wahindi, Washirazi, Waafrika. Mwajuma hahesabu. Huko Ng'ambo Yasmin anaingia katika ngoma na taarabu za mtaani, na yule aliyekuwa mgeni katika nyumba ya mumewe anakuwa mwenyeji katika chumba cha maskini.

Taarabu yenyewe haikutiwa riwayani kwa pambo tu. Muziki huo uliletwa Unguja katika karne ya 19 kutoka Misri kwa starehe ya kasri. Siti binti Saad, binti wa shamba, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Kisiwa kilipokea, kikageuza, kikatoa. Huo ndio mwenendo wa utambulisho wa kisiwani: haukatai kinachokuja na jahazi, ila hukifanya kiseme Kiswahili.

4. Ng'ambo mbili

Neno moja linaibeba maana hii kuliko mengine. Kwa Kiswahili cha kila mahali, ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Kwa hiyo ni Ulaya, Marekani, Urusi, huko kunakokwenda wanafunzi na kunakotoka wakubwa. Lakini mjini Unguja, Ng'ambo ni jina la mahali: mitaa iliyokuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, makao ya wachukuzi, mafundi na watumishi. Aliyekaa Mji Mkongwe alikuwa na ng'ambo mbili, moja ya manowari na moja ya makuti.

Vuta N'kuvute inaziunganisha ng'ambo hizo mbili katika mtu mmoja. Denge ametoka ng'ambo ya Urusi akaja kuishi maisha ya Ng'ambo ya Unguja. Fikra alizokuja nazo zinabaki maneno mpaka zikutane na njaa, urafiki na hofu za mtaa ule. Wright, kwa upande wake, anaijua ng'ambo moja tu. Kwa macho yake Denge ni mkono wa Moscow. Hawezi kufikiri kwamba mtu wa Ng'ambo anaweza kutaka uhuru kwa ajili yake mwenyewe. Kosa hilo la Wright ndilo kosa la wakubwa wa pande zote mbili za vita baridi: kila kisiwa kiliposema neno, waliuliza ni nani aliyekifundisha.

5. Upungufu wa Denge

Mhakiki, hata hivyo, hapaswi kuipendelea riwaya kuliko ukweli. Adam Shafi anauona upofu wa Wright kwa jicho kali. Upofu wa Denge hauoni kwa ukali ule ule. Denge amesoma Urusi, naye anaiamini njia aliyoisoma. Riwaya haimhoji kama njia hiyo nayo ni kamba katika mkono wa mtu mwingine. Mwaka 1999, miaka minane baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, mwandishi alikuwa na nafasi ya kuuliza swali hilo, lakini aliiweka riwaya yake katika miaka ya 1950 na kumwachia shujaa wake imani ya wakati ule. Yawezekana huo ni uaminifu wa kihistoria. Lakini uaminifu huo una gharama yake.

Swali hilo limeulizwa na Mzanzibari mwingine kwa lugha nyingine. Katika By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, kijana Latif anapelekwa Ujerumani ya Mashariki kusoma udaktari wa meno, na harudi. Anapenya hadi Uingereza na kuwa mtu wa huko. Denge amerudi na fikra; Latif amepotea na kumbukumbu. Wote wawili ni watoto wa misaada ya masomo ya vita baridi. Tofauti ni kwamba Gurnah anaandika kutoka mahali pa waliokwenda, na Adam Shafi anaandika kutoka mahali pa waliogonga mlango wakafunguliwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 iliufanya ulimwengu umsome Gurnah, na mwaka 2022 riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni jambo la kufurahia. Lakini lingekuwa jambo la kusikitisha kama msomaji wa Afrika Mashariki angeijua Zanzibar ya aliyeondoka na kuisahau ya aliyebaki. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na Vuta N'kuvute, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, imesaidia kusawazisha mizani hiyo.

Adam Shafi mwenyewe aliongeza jibu lake kwa njia nyingine. Katika Haini (2003) wanaoteswa gerezani wanateswa na dola ya wenyeji, si ya Mwingereza. Ukisoma Vuta N'kuvute na Haini kwa pamoja, unaona kwamba kamba inaweza kukatika hata baada ya wavutaji wa nje kuondoka. Basi Haini ndiyo ukurasa wa mwisho ambao Vuta N'kuvute haikuuandika.

6. Babu na sasa

Said Ahmed Mohamed anaingia katika jambo hili kwa mlango mwingine. Katika Babu Alipofufuka, K, mtu mwenye cheo na starehe, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu anamtembeza katika nchi ambayo K ni mmoja wa wanaoiendesha lakini haijui: uchakavu, umaskini, na mali ya umma iliyokwenda mikononi mwa wageni na mawakala wao. Wakubwa wa riwaya hii hawaji na manowari. Wanakuja na mikopo, vitega uchumi na mikutano, na wanapokewa kwa vigelegele.

Kwa nini mfu? Hapa nadharia ya mwana wa Kitui inafaa kuliko nadharia nyingi zilizoazimwa mbali. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alieleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba wakati wa Kiafrika una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Hoja yake aliijenga kwa kuchunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwa mujibu wake, aliyekufa haendi Zamani mara moja. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, bado yumo katika Sasa. Akishakufa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo anapozama. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, hasa pale Mbiti aliposema kuwa wakati ujao wa mbali hauna nafasi kubwa katika fikra za jadi. Lakini kwa riwaya hii inafungua jambo muhimu. Babu anafufuka kwa sababu K amekaribia kumsahau. Kufufuka kwake si muujiza wa dini. Ni hukumu juu ya kumbukumbu. Nchi inayosahau majina ya wake inazama Zamani ikiwa bado hai, na wageni wanaikuta tupu, tayari kuandikwa upya.

Hivyo Said Ahmed Mohamed anakamilisha alichokianza Adam Shafi. Kwa mmoja, kisiwa kinajitambulisha kwa mahali: mtaa, mlango, jirani. Kwa mwingine, kinajitambulisha kwa wakati: babu, jina, deni la waliotangulia. Asiye na mahali huvutwa. Asiye na kumbukumbu hata hajui kwamba anavutwa.

7. Unguja kwa macho ya Kitui

Limebaki swali la msomaji. Mwanafunzi wa Kitui anayesoma riwaya hizi chini ya jua kali ana haki ya kuuliza: kisiwa kinamhusu nini? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishusha pembe hadi Mombasa, na bei ya pembe ilitegemea soko la Zanzibar. Krapf, aliyepokewa na Sayyid Said Unguja mwaka 1844, alifika Kitui kwa Kivoi, na kutoka huko aliuona Mlima Kenya mwezi wa Desemba 1849. Zumari ya Unguja ilichezwa Kitui kabla ya reli.

Jibu la pili ni la lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaisimamia. Uamuzi ulikuwa wa wakoloni, na uliziacha kando Kimvita na Kiamu, hata Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba zilizo visiwani humo humo. Lakini matokeo yake ni ya ajabu: kisiwa kilichobadilishwa kwa kisiwa ndicho kilichotoa lugha ambayo kwayo mtoto wa Mwingi, wa Bukoba na wa Bukavu wanaelewana. Hakuna manowari iliyopata kufanya hivyo. Adam Shafi alipoandika n'kuvute badala ya nikuvute, alikumbusha kwamba lugha hiyo ya wote bado ina kwao, na kwao huko bado husemwa kwa ulimi wa watu, si kwa ulimi wa kamusi.

Jibu la tatu ni la leo. Kitui nayo ina cha kuvutwa. Makaa ya mawe ya bonde la Mui yaliwaleta wawekezaji wa Kichina katika miaka ya 2010, na wenye mashamba wakaingia katika mabishano juu ya fidia na kuhamishwa. Ardhi ya ukame, iliyokuwa haitajwi, ilianza kutajwa na walio mbali. Msomaji aliyeisoma Vuta N'kuvute kwa makini atatambua sarufi ya mambo hayo: wavutaji wanatajwa, kamba haitajwi.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Zanzibar haiwezi kumalizwa kwa kigezo cha utabaka peke yake, ingawa kigezo hicho kingali na kazi. Kisiwa ni hali maalumu ya kuwepo: udogo ulio katikati ya njia ya wakubwa. Vuta N'kuvute inaijibu hali hiyo kwa ujirani unaokataa hesabu ya makabila, na Babu Alipofufuka inaijibu kwa kumbukumbu inayokataa kuzama. Upungufu upo. Denge hahojiwi vya kutosha, na mitaa inayosifiwa kwa upendo ndiyo hiyo hiyo iliyomwaga damu ya majirani Januari 1964. Jambo hilo riwaya ya Kiswahili haijaliandika kwa ujasiri unaostahili. Mwandishi atakayeliandika atapaswa kuanza na mlango wa Mwajuma, na kuuliza usiku ule ulifunguliwa au ulifungwa.